Picha Tatu Zisizo na Nyota

Siku ile ukumbini tulikuwa saba. Maalim Shaame, mwenye nyumba, alikaa juu ya msala wake wa kusalia, mgongo ukutani. Mkewe, Bi Chumu, alikuwa kwenye kizingiti cha mlango wa uani akipepeta mchele ambao ulishapepetwa asubuhi, ili asionekane anasikiliza. Alikuwapo Ami Hamadi, ndugu yake marehemu baba, na kofia mpya. Alikuwapo Shangazi Raya, dada yao, aliyekuja na meli kutoka Tanga siku mbili kabla na bado akisema sakafu inamyumbia. Na siye watoto watatu: mimi Riziki, miaka kumi na tano, Rashidi, miaka tisa, na Salma, ambaye hajatimiza sita na alikuwa amelala mapajani mwangu mdomo wazi. Katika saba hao, Salma ametangulia mwezi uliopita. Tumebaki wawili. Rashidi amekuja kwa hitima yake na bado yuko hapa. Yuko chumba cha pili ninapoandika, anakohoa, nami nakisikiliza kikohozi chake kama nilivyokisikiliza alipokuwa na surua. Tangu aondoke Pemba amerudi mara nne, na mara zote nne ni kwa msiba.

Mwaka huo ulikuwa hamsini na tisa. Mama alikuwa ametimiza arubaini tu kaburini nilipoacha shule, darasa la nne nimelimaliza na la tano nimelikaa wiki tatu. Maalim Shaame alikuwa na ujamaa wa mbali nasi, ule ambao watu huutaja wakitaka na kuusahau wakitaka, na yeye aliutaja. Akatupa chumba cha uani nyumbani kwake Tibirinzi, kile kilichokuwa cha kuwekea makumbi ya nazi na magunia, nami nikawa napika, nafua na kuchota maji. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba na dirisha la ukubwa wa kawa la kufunikia chakula. Ukilala unanusa makumbi. Nilizoea kulala katikati, Rashidi ukutani na Salma kwenye mkono wangu wa kushoto, na asubuhi mkono umekufa ganzi hata kushika mbuzi ya nazi siwezi. Hadi leo nikilala peke yangu mkono huo huamka kabla yangu.

Maalim alikuwa mtu wa falaki. Watu walikuja kwake kutoka Wawi, Gombani, hata Micheweni, kutaka kujua nyota ya mtoto aliyezaliwa, au kama mchumba na mchumba watapatana, au siku ya kuanza safari. Mwaka ule watu walikuwa wameanza kugomeana kwa ajili ya siasa. Duka la fulani huingii, maziko ya fulani huendi. Lakini barazani kwa Maalim walikaa pamoja, wakipeana migongo, kila mmoja akingoja zamu. Bi Chumu alikuwa akisema nyota ndiyo pekee iliyobaki Pemba bila ya chama. Kazi yenyewe haikuwa na makelele. Maalim huuliza jina la mtu na jina la mama yake, akayaandika kwa herufi za Kiarabu kwenye ubao, kila herufi na thamani yake. Hujumlisha, kisha hutoa kumi na mbili, na kumi na mbili, mpaka kinachobaki ni cha kuhesabika kwa vidole. Kikibaki kimoja nyota ni Hamali, viwili Thauri, vitatu Jauza, hivyo mpaka Hutu, nyota ya samaki. Kisha hutazama tabia ya nyota, kama ni ya moto, ya udongo, ya upepo au ya maji. Jina la baba halikuulizwa. Baba, alisema Maalim, ni habari, na mama ni shahidi.

Masika ya mwaka ule, mzungu mmoja wa serikali alihamishwa na vyombo vyake vikapigwa mnada mjini Chake. Bi Chumu alinunua debe la biskuti kwa ajili ya kuwekea sukari, na alipolifungua nyumbani akakuta ndani karata. Hazikuwa karata za kucheza tulizozijua. Zilikuwa ndefu, sabini na nane, na ishirini na mbili kati yake zilikuwa picha tupu, za watu, wanyama na vitu vya mbinguni. Bi Chumu alitaka kuzitia jikoni. Maalim akazitazama tangu adhuhuri hadi alasiri, kisha akaniita mimi, kwa sababu zilikuwa na maandishi ya kizungu na yeye alisoma Kiarabu tu. Nilikaa mbele yake nikaokoteza herufi moja moja. Nilijua neno la jua, neno la mwezi, neno la nyota. Mengine nilimsomea kwa sauti bila ya kujua maana. Yalimtosha. Alisema elimu ya nyota ni moja, watu wa Kiarabu wameiandika kwa hesabu na watu wa Rumi wameichora, na kazi iliyobaki ni kumrudisha kila mmoja kwa mwenziwe.

Kazi hiyo ilichukua mwaka uliobaki, na katika mwaka huo ndiyo niliyoipenda kuliko zote, pengine kwa kuwa ilikuwa ndiyo saa ya pekee ambayo mtu aliniuliza naonaje. Baada ya chakula, sinia likishaondolewa na ukumbi unanuka mchuzi wa papa, Maalim hutandaza picha juu ya jamvi. Nyingine zilijieleza. Mwanamke aliyeshika kinywa cha simba ni Asadi. Aliyeshika mizani ni Mizani. Aliyepiga goti akimwaga mitungi miwili ya maji ni Dalu. Picha ya mwezi ilikuwa na kaa anapanda kutoka majini, na tulibishana siku tatu kama ni Kamari yenyewe, sayari ya mwezi, au ni Saratani, nyota ya kaa. Mwishowe Maalim akaihukumia sayari, na Saratani akampa picha ya gari la kukokotwa, kwa sababu, alisema, lina paa gumu na aliye ndani hatoki, kama kaa na gamba lake. Kwenye ile ya kiumbe mwenye pembe, aliyewafunga minyororo mwanamme na mwanamke, Maalim hakusita.

"Huyu ni Jadi. Pembe za mbuzi hizo."

"Huyo si mbuzi," akasema Bi Chumu. "Huyo shetani mwenyewe. Mtoe nyumbani kwangu."

"Nikimtoa huyu nitakuwa nimeitoa Jadi, na Jadi ni nyota ya watu. Marehemu babako alikuwa Jadi."

Bi Chumu akapepeta mara mbili. "Basi ndiyo sababu," akasema.

Buruji, zile nyota za kuzaliwa, ni kumi na mbili na sayari ni saba, jumla kumi na tisa. Picha ni ishirini na mbili. Kila alivyozipanga, zilibaki tatu zisizo na nyota. Moja ni malaika apigaye baragumu na wafu wanainuka makaburini. Hiyo Maalim aliibusu na kuiweka kando, akasema Israfili hapewi nyota, kazi yake ni siku ambayo nyota zenyewe zitapukutika. Ya pili ni mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja, kichwa chini, na uso wake umetulia. Huyo, alisema Maalim, anangoja, na anayengoja hahesabiki. Ya tatu ni kijana anayekwenda na kifurushi begani, mbwa anamrukia, na mbele yake ni genge, poromoko tupu. Nilimuuliza huyo naye kwa nini hana nyota. Akanambia nyota ni nyumba, na huyu hana nyumba. Nilikwenda zangu uani nikaosha masufuria ambayo yalikuwa safi. Siye pia tulikuwa watatu, tumebaki baada ya kila mtu kupangwa.

Sasa niseme habari ya siku ile. Shangazi Raya hakuwa mwanamke mbaya. Hakuzaa, mumewe alikuwa na kazi ya maana kwenye reli Tanga, nyumba ya bati, na aliandika kwamba atachukua mtoto mmoja wa kaka yake amlee na kumsomesha. Alimtaka wa kike. Alikuja na kanzu mbili za Salma zilizoshonwa tayari, moja ya maua na moja ya kijani, akazitandaza mbele yangu kitandani ili nizipende. Lakini kwetu hapokelewi mtoto nyumbani kabla ya nyota yake kutazamwa na ya mwenye nyumba, maana zisipopatana ama mtoto hudhoofu ama nyumba huvunjika, na Shangazi alikuwa mtu wa kuogopa nyumba kuvunjika. Nyota yake ilijulikana tangu harusi yake: Saratani, maji. Ami Hamadi akafurahi. Kwake yeye lilikuwa ni jambo la kumaliza kabla ya adhuhuri.

Mimi nilikuwa na ahadi. Mama katika siku zake za mwisho aliniambia mambo mawili. La kwanza, tusiachane. La pili aliniambia kwa sauti ndogo, kuwa jina lake la kuzaliwa si Halima. Alizaliwa Zaina. Alipokuwa na miaka saba aliandamwa na homa, wazee wakasema jina zito, wakambadilisha, wakachinja, na lile la kwanza halikutajwa tena ili maradhi yasilisikie. Aliolewa kama Halima, akazaa kama Halima, na kwa baba na ndugu zake alikuwa Halima. "Ukiniombea dua," alisema, "niombee kwa Zaina. Huko nitajulikana kwa hilo." Mimi tu ndiye niliyeambiwa. Nami kwa miezi saba nilikuwa nikikaa mbele ya ubao wa Maalim, nikimsikia akiwaambia watu kwamba jina la kubandikwa halishiki, hesabu hufuata jina alilozaliwa nalo mama. Thamani za herufi nilikwisha zijua kwa moyo. Asubuhi ya siku ile, nikikuna nazi, nilifanya hesabu kwa vipande vya makumbi. Salma wa Zaina alitoka Akrabu, maji kwa maji, anapatana na Shangazi kama chai na sukari. Salma wa Halima alitoka Asadi, moto.

Maalim alimwandika Salma ubaoni, kisha akainua macho. Hakumtazama Ami. Alinitazama mimi.

"Mama yenu ni Halima. Ndilo la kuzaliwa?"

Bi Chumu aliacha kupepeta. Nakumbuka hilo kuliko jambo jingine lolote, ule ukimya wa mchele.

"Ndilo," nikasema.

Akajumlisha. Mia mbili na thalathini na tatu. Akatoa kumi na mbili zake, zikabaki tano, Asadi. Shangazi Raya alikunja zile kanzu mbili polepole, akaziweka juu ya magoti, akasema Mungu hakuandika. Nami nikambana Salma mapajani mpaka akalalamika usingizini. Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimefanya hesabu ya mtoto mmoja tu, na hili ndilo kosa langu. Sikuwaza kwamba mtu aliyevuka bahari hatarudi mikono mitupu. Ami Hamadi alivuta kofia yake akasema, "Basi mtazame huyo wa kiume, Maalim. Naye si mtoto?" Na Maalim akaandika Rashidi, akaandika Halima, akajumlisha, zikabaki kumi. Jadi. Udongo. Udongo na maji hupatana. Maji yasipopata udongo, alisema Maalim, hutulia wapi? Ami akapiga goti lake kwa kiganja. Shangazi akamtazama Rashidi kama mtu aliyeletewa kitambaa asichokiagiza lakini kizuri.

Kwa Zaina, Rashidi angekuwa Hamali, moto, asingekwenda popote. Nililijua hilo papo hapo, vidole vyangu vilikwisha hesabu. Nilikuwa na muda wa kusema. Maalim alipangusa ubao taratibu, kama aliyekuwa akinipa muda huo. Lakini kusema ni kujiumbua mbele ya wote, na ni kumtoa Salma. Nilimfuta Salma mate mdomoni. Rashidi mwenyewe alifurahi. Aliuliza kama ataiona gari ya moshi kila siku au siku za sikukuu tu. Aliuliza Jadi ni nini, na Maalim akamwambia ni nyota ya mtu mstahamilivu, asiyeacha alichokianza. Ile picha yenye pembe hakumwonesha.

Waliondoka siku ya tatu. Bi Chumu alimfungia mikate ya kumimina na samaki wa kukaanga. Nilimtia Rashidi mafuta ya nazi miguuni na akavaa viatu, vya kwanza vyake, akatembea ukumbini huku na huku kama kuku aliyefungwa uzi. Gari la Mkoani lilipokuja hakulia. Aliniambia, "Da Riziki, usimpe mtu pahala pangu pa ukutani." Sikumpa mtu. Kwa miezi mingi niliendelea kulala katikati, na kati yangu na ukuta pakabaki pahala pa mtu wa miaka tisa. Niliendelea pia kupika kipimo kilekile. Kila mchana sufuria ilibaki na muhogo wa mtu mmoja, na Bi Chumu, ambaye hakuwahi kuachia chakula kupotea, aliuchukua akawapa kuku. Mtu akinambia upweke ni kukosa watu namshangaa. Nyumba ile ilijaa watu tangu asubuhi. Barazani walikohoa, ukumbini walinong'ona, uani wanawake walicheka. Nami nilikuwa nao wote, nikiwapelekea maji, na hakuna hata mmoja ambaye ningeweza kumwambia nililolifanya.

Karibu na mwisho wa mwaka alikuja bibi mmoja wa Micheweni kutaka nyota ya mjukuu. Nilimletea maji, akanishika kidevu. "Huyu si mtoto wa Zaina huyu? Nimecheza naye mamake. Macho yaleyale." Nilisema mama yangu Halima. Bibi akacheka, akasema ah, Halima ni la homa. Maalim alikuwa akichonga kalamu ya mwanzi. Hakuacha kuchonga. Alimaliza haja ya yule bibi, akamsindikiza hadi barazani, akasali alasiri, kisha akaniita. Zile picha zilikuwa zimetandazwa. Simba akamwondoa pale alipokuwa. Mwenye pembe akamgeuza uso chini. Alizitaja nyota zetu kwa sauti ya kawaida, Salma Akrabu, Rashidi Hamali, kama aliyekuwa akinifundisha.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, Maalim."

"Toka lini?"

"Toka nakuna nazi."

Alishika ndevu, nadhani ilimjia kucheka. Kisha akasema kwamba hesabu ni yake na ameikosa kwa kupewa jina silo, na hilo atalijibu yeye kwa Mola wake. Jina, alisema, ni langu. Hilo nitamjibu Rashidi. Nilimwomba aandike yeye Tanga. Akakataa. "Nikisema mie, weye utakuwa umeshikwa. Ukisema weye, utakuwa umerudi." Akanipa karatasi na wino, kwa kuwa mume wa Shangazi alisoma herufi za kizungu tu na mimi ndiye niliyezijua. Nilikaa kwenye kizingiti cha Bi Chumu nikaandika. Niliandika salamu, niliandika Salma ameota jino, niliandika karafuu mwaka huu hazikuzaa sana. Kwa ukubwa wa karatasi ile palibaki nafasi ya mistari minne, na mistari minne ingetosha. Nilitia sahihi. Maalim akauliza, "Umeandika?" Nikasema nimeandika. Akaichukua barua, akaitazama juu na chini herufi asizozijua, kisha akanitazama mimi, ambaye alizijua vizuri. Akaifunga. Halafu akachomoa chini ya msala picha ya yule kijana mwenye kifurushi, akaniwekea mkononi. Akasema nikae nayo. Siku nitakapomwambia Rashidi nimrudishie, na kama yeye Maalim keshakufa, nimpe Rashidi mwenyewe. Alikufa mwaka uliofuata, kabla ya mfungo.

Sijui kama nyota zina habari nasi. Nimeishi vya kutosha kuona Asadi waoga na Hutu waliozama. Salma alikua mikononi mwangu, hakusoma zaidi ya madrasa, akaolewa Wawi, akazaa sita, akafa akicheka na wajukuu. Huenda Tanga angekuwa mwalimu. Rashidi alisomeshwa, akafanya kazi relini kama mume wa Shangazi, na kila barua aliyoniandikia aliisaini kwa mzaha, Jadi. Jana, tukila bokoboko la hitima, aliwaambia watoto wa Salma jinsi alivyomwacha mwanamke mmoja Muheza, ambaye alimpenda, kwa kuwa huyo alikuwa wa moto na yeye ni wa udongo, akamuoa mwengine waliyepatana. Watoto wakacheka. Akacheka na yeye. "Mie Jadi bwana," akasema, "nikishakaa nimekaa." Kisha akanigeukia. "Au si hivyo, Da Riziki? Weye ulikuwepo." Nikamwongeza samli.

Leo asubuhi nimefungua kasha nikaitoa ile picha. Rangi ya mbwa imefifia, kijana bado hajafika gengeni. Nimeiweka mezani, uso juu, kando ya birika, na ile mistari minne ya Zaina nimeiandika kwenye karatasi, na karatasi nimeiweka chini yake. Rashidi amekuja, ametafuta miwani, hakuiona, ameiinua picha karibu na jicho.

"Huyu nani?"

"Kunywa chai kwanza," nimemwambia, "itapoa."

Amekunywa. Amesema tamu. Amerudi kujilaza, na picha ameiacha mezani, karatasi chini yake haikuguswa. Leo ni Alhamisi. Meli yake ni Jumamosi.